Vipigo 22 vya Tottenham: kwa nini majeraha peke yake hayatoshi kueleza

Katika Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2024/25, Tottenham Hotspur walipoteza mechi 22 kati ya 38 na kumaliza katika nafasi ya 17 wakiwa na pointi 38. Siku nne kabla ya mechi yao ya mwisho walikuwa Bilbao wakinyanyua Kombe la Ligi ya Europa, taji lao la kwanza tangu Kombe la Ligi la mwaka 2008. Ni vigumu kupata msimu mwingine unaowapa watu wawili, wenye akili timamu na waliotazama mechi zilezile, ruhusa ya kufikia hukumu zinazopingana kiasi hiki.

Mjadala kuhusu vipigo hivyo umekwama katika majibu matatu. Wapo wanaosema majeraha ndiyo yaliyowamaliza, na majina wanayoyataja hayabishiwi: Guglielmo Vicario langoni, Micky van de Ven na Cristian Romero katikati ya ulinzi, Destiny Udogie pembeni, Dominic Solanke mbele. Wapo wanaomlaumu kocha Ange Postecoglou kwa kung'ang'ania mstari wa ulinzi unaopanda juu hata pale hali ya mchezo ilipomkataza. Na wapo wanaopanda ngazi hadi kwa mwenyekiti wa wakati huo, Daniel Levy, na namna kikosi kilivyojengwa. Kila upande una mechi zake za kushikia, na hapo ndipo mjadala unapoharibika, kwa sababu mtu huchukua mechi nne zinazomfaa akazifanya kuwa msimu mzima.

Tuanze na msimamo wenyewe wa ligi, maana una jambo la ajabu ambalo watu hulipita haraka. Tottenham walifunga mabao 64 na kufungwa 65. Timu iliyomaliza nafasi ya 17 ilikuwa na tofauti ya bao moja tu kati ya ilichofunga na ilichofungwa. Wolves waliomaliza juu yao kwa nafasi moja walikuwa na upungufu wa mabao 15, na West Ham, waliokuwa wa 14, upungufu wa mabao 16. Chelsea walifunga mabao 64 hayohayo wakamaliza wa nne. Kwa hiyo anayesema Tottenham walikuwa timu mbovu kama nafasi yao inavyoonyesha ana kazi ya kueleza mabao hayo yalikwenda wapi.

Jibu liko katika matokeo yenyewe yakipangwa kwa tofauti ya mabao. Kati ya vipigo 22, vipigo 15 vilikuwa vya tofauti ya bao moja. Kati ya ushindi wao 11, ni mmoja tu uliopatikana kwa bao moja, ule wa 1-0 dhidi ya Manchester United mwezi Februari. (Shabiki wa United, ambao walifungwa na timu hii mara nne katika mashindano matatu ndani ya msimu mmoja, ana haki ya kuusoma mstari huu kwa uchungu.) Zikijumlishwa na sare tano, mechi zilizoamuliwa kwa bao moja au zilizokosa mshindi zilikuwa 21, na ndani yake Tottenham walivuna pointi nane. Mechi 17 zilizobaki, zile zilizoisha kwa tofauti ya mabao mawili au zaidi, ziliwapa pointi 30. Walipata ushindi wa 4-0, 5-0, 4-1 na 3-0, kisha wakafungwa 1-0 na 2-1. Walikuwa timu iliyojua kushinda pale tu mpinzani alipofunguka, na iliyopotea njia kila mechi ilipobana.

Mtaalamu wa takwimu atasema mechi za bao moja zina bahati nyingi ndani yake, na kwamba timu yenye ushindi mmoja na vipigo 15 vya aina hiyo imeonewa na kismati. Hoja hiyo ina uzito. Sare tano tu zikipatikana kutoka katika vipigo hivyo, Tottenham wanakuwa na pointi 43, juu ya Manchester United waliomaliza na 42, na gumzo lote linabadilika sura. Lakini bahati ingetosha kuwa maelezo kama mechi hizo zingepotea kwa namna tofauti tofauti. Zilipotea kwa namna inayofanana mno.

Oktoba 6, 2024, walikuwa ugenini kwa Brighton. Vicario alikuwa langoni. Mbele yake walikuwa Pedro Porro, Romero, Van de Ven na Udogie, yaani ulinzi uleule ambao watetezi wa hoja ya majeraha wanasema ulikosekana. Brennan Johnson na James Maddison walifunga kipindi cha kwanza, na wakaenda mapumziko wakiongoza 2-0. Dakika tatu baada ya kurejea, Udogie alishindwa kuondosha krosi na Yankuba Minteh akafunga. Dakika ya 58 Georginio Rutter akasawazisha. Dakika ya 66 Rutter huyohuyo alipambania mpira pembeni, akamtilia Danny Welbeck, na kichwa cha Welbeck kikamaliza kazi. Mabao matatu ndani ya dakika 18, bila jeraha, bila kadi nyekundu, bila penalti ya utata. Ukiitazama upya mechi hiyo, kinachokosekana ni vitu vya kawaida kabisa ambavyo timu inayoongoza hufanya baada ya kufungwa bao la kwanza: kuupooza mchezo, kupeleka mpira kwenye kibendera cha kona na kuukalia hapo, kuchukua faulo ndogo katikati ya uwanja, kumwita mchezaji mmoja wa mbele arudi nyuma kwa dakika kumi. Tottenham walijibu bao la Minteh kwa kwenda kutafuta la tatu.

Mechi 12 za mwanzo ndizo zinazostahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko nyingine zote, kwa sababu kilele chake kilikuwa ushindi wa 4-0 nyumbani kwa Manchester City, waliokuwa hawajapoteza mechi katika uwanja wao kwa mechi 52 za mashindano yote. Hadi usiku ule Tottenham walikuwa wamefunga mabao 27 na kufungwa 13, hesabu za timu inayowania ubingwa. Lakini walikuwa tayari wamepoteza mechi tano, zote kwa bao moja: Newcastle, Arsenal kwa kichwa cha Gabriel kutoka kwenye kona, Brighton, Crystal Palace na Ipswich. Palace walikuwa hawajashinda mechi ya ligi msimu ule kabla ya kukutana nao. Ipswich, waliotoka kupanda daraja, hali kadhalika. Ipswich waliikuta Tottenham bila Van de Ven na Romero, hilo ni kweli, lakini Palace walifunga bao moja, wakakaa nyuma, na Tottenham hawakupata njia hadi mwisho. Ugonjwa ulikuwepo kabla mgonjwa hajalazwa.

Baada ya hapo ndipo majeraha yalipoanza kuhesabika kwa uzito. Vicario alivunjika kifundo cha mguu katika mechi ileile ya City, akaimaliza akiwa amesimama, na hakurudi hadi katikati ya Februari. Rodrigo Bentancur alianza kutumikia adhabu ya mechi saba kwa maneno aliyosema kuhusu nahodha wake, Son Heung-min. Archie Gray, kijana wa miaka 18 aliyesajiliwa kutoka Leeds kama kiungo, alicheza beki wa kati wiki baada ya wiki akiwa na Radu Dragusin, na alicheza vizuri kuliko mtu yeyote alivyokuwa na haki ya kumdai. Kuanzia Desemba mosi hadi Januari 26, Tottenham walicheza mechi 11 za ligi, wakashinda moja, wakatoa sare mbili na kufungwa nane. Anayedai kwamba majeraha hayakuhusika na kipindi hicho hatazami mpira. Anatafuta mtu wa kumlaumu.

Hata hivyo, tazama jinsi mechi za kipindi hicho zilivyopotea. Desemba 8 dhidi ya Chelsea, Romero na Van de Ven walirejea kikosini. Marc Cucurella, beki wa Chelsea, aliteleza mara mbili, na ndani ya dakika 11 Tottenham walikuwa wanaongoza 2-0. Romero alitoka mapema kwa jeraha, na wengi huishia hapo wanapoisimulia mechi hii. Lakini mechi ilipogeuka, iligeuzwa na penalti mbili za Cole Palmer, na penalti zote mbili zilisababishwa na viungo wa Tottenham, Yves Bissouma na Pape Sarr, waliokuwa wamerudi nyuma wakikimbizana na wachezaji waliokwisha kuwapita. Van de Ven alikuwa bado uwanjani penalti ya kwanza ilipotolewa. Kosa lilianzia mbali na mabeki: katikati ya uwanja palikuwa wazi kama barabara kuu usiku wa manane, na kila mpira uliopotea ulifika langoni bila kusimamishwa na mtu. Chelsea walishinda 4-3.

Januari ilikuwa marudio. Dhidi ya Newcastle, Solanke alifunga dakika ya nne, na dakika mbili baadaye Anthony Gordon alikuwa amesawazisha. Dhidi ya Arsenal, Son alifunga kwanza na Tottenham wakafungwa 2-1. Dhidi ya Leicester, waliokuja London wakiwa wamepoteza mechi saba mfululizo za ligi, Richarlison aliwapa Tottenham uongozi, kisha Jamie Vardy na Bilal El Khannouss wakafunga ndani ya dakika tano za mwanzo wa kipindi cha pili. Kwa msimu mzima, katika mechi saba kati ya 22 walizopoteza, Tottenham ndio waliotangulia kufunga. Majeraha yanaweza kueleza kwa nini timu inafungwa bao. Hayaelezi vizuri kwa nini timu inayoongoza nyumbani dhidi ya timu inayoelekea kushuka daraja inaanza kipindi cha pili kana kwamba matokeo ni 0-0.

Kuna jambo jingine kuhusu majeraha haya ambalo halisemwi vya kutosha. Tunayazungumzia kama mvua, kitu kinachomwagika juu ya timu bila mtu kukiita. Van de Ven aliumia nyama za paja mwishoni mwa Oktoba, akarejea, akaumia tena katika mechi ile ya Chelsea. Mfumo unaowaacha mabeki wawili wakilinda nusu nzima ya uwanja unawataka wakimbie kwa kasi ya juu kabisa kurudi nyuma, mara nyingi zaidi kuliko mabeki wa timu nyingine, na unawataka wafanye hivyo Alhamisi Ulaya na Jumapili kwenye ligi. Siwezi kusema kila paja lililochanika lilichanwa na mbinu za kocha, maana miili ya wachezaji haisomeki kirahisi hivyo. Lakini kuweka majeraha upande mmoja wa mizani na mbinu upande wa pili, kana kwamba ni maelezo mawili yasiyofahamiana, ni kosa la msingi la mjadala huu.

Wala halikuwa jambo jipya. Novemba 2023, Tottenham wakiwa hawajapoteza mechi ya ligi tangu Postecoglou awasili, walicheza na Chelsea nyumbani, Romero na Udogie wakatolewa kwa kadi nyekundu, na timu ikabaki na watu tisa. Ulinzi ulibaki karibu na mstari wa katikati ya uwanja. Vicario alikuwa akitoka langoni kama beki wa ziada, na Nicolas Jackson akafunga mabao matatu katika kipigo cha 4-1. Usiku ule timu ilipigiwa makofi kwa ujasiri wake, na sifa hizo, kwa maoni yangu, ziliwagharimu. Ziligeuza udhaifu kuwa itikadi. Mara timu ikishapongezwa kwa kukataa kubadilika, kubadilika kunaanza kuonekana kama usaliti.

Sehemu ya tatu ya msimu ni ya aina nyingine kabisa, na inapaswa kutolewa katika hesabu ya makosa au angalau kupimwa kwa mizani tofauti. Baada ya kuifunga Southampton 3-1 Aprili 6, Tottenham walicheza mechi saba za ligi na kupata pointi moja. Wakafungwa mabao 20 katika mechi hizo saba, karibu theluthi ya mabao yote waliyofungwa msimu mzima. Lakini kipigo cha 4-2 kwa Wolves kilikuja kati ya mechi mbili za robo fainali dhidi ya Eintracht Frankfurt, kile cha 5-1 Anfield, kwa Liverpool, kilikuja siku nne kabla ya nusu fainali dhidi ya Bodø/Glimt, na kile cha 2-0 kwa Aston Villa siku tano kabla ya Bilbao. Timu tatu zilizopanda daraja zilikuwa dhaifu kiasi kwamba Leicester, walioshika nafasi ya 18, walimaliza na pointi 25, pointi 13 nyuma ya Tottenham. Hapakuwa na hatari ya kushuka wala tamaa ya kupanda, na kocha aliipumzisha timu yake kwa ajili ya kombe ambalo lingemfikisha Ligi ya Mabingwa. Unaweza kumlaumu kwa kuidharau ligi. Huwezi kuchukua mabao hayo 20 ukayafanya ushahidi kwamba hakujua kulinda.

Ushahidi wa kinyume uko palepale Ulaya. Frankfurt walifungwa 1-0 kwao kwa penalti ya Solanke, na Tottenham wakalinda bao hilo hadi mwisho. Huko Norway, mbele ya Bodø/Glimt, walishinda 2-0 bila papara. Katika fainali, dhidi ya Manchester United, Johnson alifunga dakika ya 42 bao ambalo hata yeye huenda haliweki katika orodha ya mabao yake mazuri, na kuanzia hapo Tottenham waliacha mpira kwa mpinzani. Waliumiliki kwa chini ya theluthi moja ya mchezo. Vicario alipotoka na kuukosa mpira, Rasmus Højlund alipiga kichwa kuelekea lango tupu, na Van de Ven akarusha mguu nyuma akiwa hewani na kuuondoa kwenye mstari. Zikiwa zimebaki dakika kama kumi na mbili, Postecoglou alimtoa Johnson, mshambuliaji, akamwingiza Kevin Danso, beki wa kati, na timu ikamaliza na mabeki watano ikisukuma mpira mbali kila ulipokaribia. Ilikuwa soka ambayo kocha huyo alikuwa amekataa kuicheza Brighton, Oktoba.

Ndiyo maana siikubali hoja kwamba Postecoglou hakuwa na uwezo wa kulinda bao moja. Alikuwa nao, wachezaji wake walikuwa nao, na waliuonyesha bila Maddison, Dejan Kulusevski na Lucas Bergvall, wote wakiwa majeruhi usiku wa fainali. Timu pungufu ililinda 1-0 kwa dakika 48. Timu yenye ulinzi kamili ilishindwa kulinda 2-0 kwa dakika 20. Tofauti ilikuwa uamuzi. Katika mashindano ya mtoano kocha aliona kwamba kosa moja linafuta mwaka mzima, akacheza kwa tahadhari. Katika ligi, ambako kosa moja huonekana dogo kwa sababu kuna mechi nyingine Jumapili ijayo, aliacha makosa madogo 15 yajikusanye.

Juni 6, 2025, siku 16 baada ya fainali, klabu ilimfukuza, na siku chache baadaye ikamteua Thomas Frank kutoka Brentford. Katika taarifa yake klabu ilitaja kwamba, baada ya mwanzo mzuri wa msimu wa 2023/24, timu ilikuwa imekusanya pointi 78 katika mechi 66 za ligi. Takwimu hiyo ni sahihi, na inaunga mkono sehemu kubwa ya ninayoyasema hapa, kwa kuwa inaonyesha tatizo lilianza mwaka mmoja kabla ya majeraha ya Desemba. Lakini ni takwimu inayompima mtu mmoja. Majira ya joto ya 2024 klabu ilinunua Solanke, Gray, Bergvall na Wilson Odobert. Mmoja mshambuliaji wa kati, watatu vijana wenye umri wa chini ya miaka 20. Ilijua kwamba inakwenda kucheza Alhamisi na Jumapili, kwa mfumo unaowachosha mabeki wa kati kuliko nafasi nyingine yoyote, na haikusajili beki wa kati mzoefu hata mmoja. Danso, yule aliyeingia Bilbao kulinda bao, alifika kwa mkopo mwanzoni mwa Februari, timu ikiwa imekwisha kupoteza mechi 13 za ligi, 12 kati ya hizo kwa bao moja.